Kutoa na kupima kafeini kwenye majani ya chai: kuanzia sufuriani hadi kwenye namba

Mara ya kwanza nilipopima kafeini kwa mashine, mchaichai ulitoka na asilimia 1.4. Mchaichai, huu unaoota nyuma ya jiko, hauna kafeini hata chembe. Kijana mmoja wa mafunzo kwa vitendo alikuwa ameuchomeka katikati ya sampuli kwa utani tu, aone kama mashine itamkamata. Haikumkamata yeye, ilinikamata mimi. Namba zote za chai nilizokuwa nimeandika tangu asubuhi nilizikata kwa kalamu nyekundu, tukaanza upya kesho yake.

Kosa langu lilikuwa la kawaida sana: nilidhani kutoa kafeini na kupima kafeini ni kazi moja. Ni mbili. Ukiitoa na kuipima kwa mizani, namba yako itakuwa ndogo kuliko ukweli, kwa sababu nyingine imebaki kwenye majani, kwenye kitambaa na kwenye maji. Ukiipima kwa mwanga bila kuisafisha, namba itakuwa kubwa kuliko ukweli, kwa sababu chai ina vitu vingi vinavyofyonza mwanga uleule. Mizani hupunja, mwanga hutia chumvi. Mwongozo huu unapitia njia zote mbili, na unaeleza jinsi ya kuzibana zisikudanganye. Nimeuandika kwa ajili ya walimu wa kemia, mafundi sanifu maabara na wanafunzi wa chuo. Si kazi ya kufanyia jikoni nyumbani, na sababu utaziona hapo chini.

Unachokitafuta

Kafeini safi ni fuwele nyeupe, chungu, zisizo na harufu. Fomula yake ni C8H10N4O2, na moli moja ina uzito wa gramu 194.2. Friedlieb Ferdinand Runge, mkemia Mjerumani, aliitenga kutoka kwenye buni mwaka 1819 baada ya mshairi Goethe kumpa punje chache za kahawa azichunguze. Mwaka 1827 kitu hichohicho kilipatikana kwenye chai kikaitwa teini, na baadaye ikathibitishwa kwamba teini na kafeini ni mtu na yeye mwenyewe.

Katika majani makavu ya chai, kila gramu 100 kwa kawaida zina gramu 2 hadi 4 za kafeini. Chipukizi na majani mawili ya juu yanayochumwa huwa na nyingi kuliko majani yaliyokomaa, na vijiti huwa na kidogo zaidi. Kwa hiyo pakiti yenye vijiti vingi itakupa namba ndogo hata kama rangi yake kikombeni inatisha. Rangi ya chai si kafeini. Wekundu ule na ukali unaokausha ulimi ni kazi ya vitu vinavyotokea majani yanaposagwa na kuachwa yashike hewa kiwandani. Chai ya kijani na chai nyeusi hutoka kwenye mmea mmoja, na yoyote kati ya hizo inaweza kumzidi mwenzake.

Tabia mbili za kafeini ndizo zinazotubebea kazi. Ya kwanza ni namna inavyoyeyuka. Katika mililita 100 za maji ya nyuzi 25 huyeyuka takriban gramu 2 tu, lakini maji yanayochemka hubeba zaidi ya gramu 60. Katika diklorometani, kiyeyushi kisichochanganyika na maji, huyeyuka kama gramu 14 hata kwenye joto la kawaida. Maana yake ni kwamba maji ya moto yataivuta kutoka kwenye majani, kisha maji yakipoa diklorometani itaipokonya. Tabia ya pili ni ufyonzaji wa mwanga: ikiwa ndani ya maji, kafeini hufyonza zaidi mwanga wa urujuanimno wa nanomita 273.

Adui ni tanini, vile vitu vikali vya majani, na jamaa zake. Nazo huyeyuka kwenye maji ya moto, nyingine hukubali kuhamia kwenye kiyeyushi, na hufyonza mwanga palepale kafeini inapofyonza. Dawa yake ni sodiamu kabonati. Tanini zina asidi kidogo, kwa hiyo zikikutana na kabonati hugeuka chumvi zinazong'ang'ania maji na kukataa kuvuka. Kafeini haina asidi ya maana, inavuka peke yake. Usijaribu kuongeza nguvu kwa kutumia sodiamu hidroksidi. Hiyo, hasa ikichemshwa, huanza kuvunja kafeini yenyewe.

Wengi huniuliza kama magadi ya dukani yanafaa. Magadi ya asili, yale ya Ziwa Natron au Ziwa Magadi, ni mchanganyiko wa sodiamu kabonati na sodiamu baikabonati pamoja na maji, na mara nyingi yana chumvi nyingine. Kwa somo la kuwaonyesha wanafunzi fuwele, yanafanya kazi, maana uchafu wake unabaki kwenye maji. Kwa namba utakayotia sahihi, tumia kabonati ya maabara.

Kabla hujagusa chupa

Diklorometani huchemka kwa nyuzi 40 tu, kwa hiyo mvuke wake hujaa chumbani haraka. Inashukiwa kusababisha saratani, na mwili ukiipokea huigeuza kaboni monoksidi, hewa ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Marekani mwaka 2024 ilipiga marufuku matumizi yake yote ya nyumbani na mengi ya kazini, maabara zikaachiwa kwa masharti. Fanyia kazi ndani ya kabati la kufyonza hewa, lenye feni inayovuta kweli. Vaa miwani, koti na glavu za nitrili, ukijua kwamba hupenya glavu hizo ndani ya dakika chache. Zikilowa, vua hapohapo uvae nyingine.

Kama shule yako haina kabati hilo, acha diklorometani. Tumia ethili asetati, ambayo hata viwanda huitumia kuondoa kafeini kwenye chai. Huchemka kwa nyuzi 77, na ni nyepesi kuliko maji hivyo itakaa juu, si chini. Inawaka upesi, basi usiwe na moto wowote wa wazi mezani, na madirisha yote yawe wazi. Huvuta kafeini kwa uvivu, kwa hiyo rudia mara tano au sita badala ya tatu. Utapata kidogo, lakini utatoka mzima.

Na fuwele zisionjwe. Kijiko kimoja cha chai cha kafeini safi kina kafeini ya vikombe vingi vya kahawa kwa mara moja, na dozi kama hiyo imewahi kuua watu. Isitoshe, hujui ni kiyeyushi kiasi gani kimebaki ndani.

Kazi ya kwanza: kuitoa

Pima gramu 10 za majani makavu, andika uzito wenyewe kama mizani inavyosoma. Chai yetu ya CTC, ile inayokatwa, kuchanwa na kuviringwa kwa mashine kiwandani, tayari ni punje ndogo, haihitaji kusagwa. Chai ya majani marefu iponde kidogo kwa kinu. Weka kwenye bika ya mililita 400 pamoja na gramu 10 za sodiamu kabonati na mililita 120 za maji. Chemsha polepole kwa dakika 20 huku ukikoroga, na ongeza maji yanapopungua. Walio nyanda za juu, Mafinga au Kericho kwa mfano, wakumbuke kwamba maji yao huchemka karibu nyuzi 94. Mimi huongeza dakika tano.

Chuja ingali moto kwa kitambaa safi cha pamba, ukamue. Rudisha makapi kwenye bika na mililita 40 za maji ya moto, chemsha dakika tano, chuja tena kwenye chombo kilekile. Watu huona uvivu hatua hii ya pili, lakini makapi ya CTC hunywa maji kama sifongo, na maji yale yana kafeini yako. Halafu pitisha mchujo wote kwenye pamba iliyoshindiliwa kidogo kwenye shingo ya faneli, ili kuondoa lile vumbi jembamba. Vumbi hilo ndilo litakaloleta balaa baadaye.

Sasa poza. Weka chombo kwenye karai la maji ya barafu hadi kipimajoto kisome chini ya nyuzi 20. Nimeshuhudia kizibo cha faneli kikiruka hadi darini kwa sababu mtu aliona vuguvugu ni sawa na baridi. Diklorometani ikigusa maji ya nyuzi 45 inachemka mara moja, na mvuke unatafuta pa kutokea.

Chukua faneli ya kutenganishia, chombo cha kioo chenye kizibo juu na bomba la kufungulia chini. Hakikisha bomba limefungwa (cheka, lakini kila mwaka kuna mmoja anayesahau), mimina chai, ongeza mililita 20 za diklorometani, funga kizibo. Shika kizibo kwa kiganja, geuza faneli kichwa chini taratibu, fungua bomba kutoa hewa ukielekeza mdomo wake ndani ya kabati, funga, rudisha. Endelea kuigeuza hivyo kwa dakika tatu, ukitoa hewa kila baada ya migeuzo michache. Geuza kama unayebembeleza mtoto alale, usitikise kama chupa ya dawa ya kikohozi.

Sababu ni hii. Zile chumvi za tanini zina tabia ya sabuni. Ukitikisa kwa nguvu, maji na kiyeyushi hukatikakatika kuwa matone madogo sana, na katikati ya faneli hujengeka utandu wa kahawia mzito kama mtindi. Ukishafika hapo, nusu ya kafeini yako imefungwa ndani ya mtindi huo. Ikitokea, usiongeze kutikisa. Iache isimame kwa robo saa. Ikikataa, tia nusu kijiko cha chumvi ya kawaida na uzungushe faneli polepole, au chokoa utandu kwa kijiti cha kioo. Ikikataa kabisa, toa tabaka la chini pamoja na utandu na uvipitishe kwenye pamba. Pamba huvunja matone mengi.

Diklorometani ni nzito kuliko maji, kwa hiyo tabaka la chini ndilo lako. Kama huna uhakika, dondosha tone la maji juu na utazame linaenda kuungana na tabaka gani. Fungua kizibo kwanza, ndipo ufungue bomba, teremsha tabaka la chini kwenye chupa ya koni, na usimame kabla mpaka wa kahawia haujafika kwenye bomba. Rudia kwa mililita 20 nyingine, kisha tena.

Kwa nini mara tatu za 20 na si mara moja ya 60? Tuchukue kwamba kafeini inaipenda diklorometani mara nane zaidi ya maji, na una mililita 100 za chai. Kwa mililita 60 za mara moja, sehemu inayobaki kwenye maji ni 100 ÷ (100 + 8×60), yaani asilimia 17. Kwa 20 ya kwanza hubaki 100 ÷ (100 + 8×20), asilimia 38; ya pili hubakiza asilimia 38 ya hiyo, na ya tatu vilevile. Mwisho umebakiwa na chini ya asilimia 6. Kiyeyushi ni kilekile, umekigawa tu.

Tabaka tatu ulizokusanya zina maji yaliyojificha. Tia gramu 3 za sodiamu salfati kavu, zungusha, subiri dakika kumi. Chembe zikishikana kama sukari iliyolowa, ongeza. Zikitembea huru kama mchanga mkavu, inatosha. Mimina kiyeyushi peke yake kwenye bika ndogo uliyokwisha kuipima uzito hadi sehemu ya elfu kumi ya gramu, suuza salfati kwa mililita 5 za diklorometani, ongeza humo humo. Weka bika kwenye maji ya nyuzi 50 ndani ya kabati. Kiyeyushi kitaondoka kwa dakika chache, na chini kutabaki ukoko mweupe wenye ukijani. Ukijani ni rangi ya majani iliyovuka pamoja na kafeini. Kausha kwa nyuzi 60, poza, pima, rudia hadi uzito usibadilike.

Chai yenye asilimia 3 ina gramu 0.300 katika gramu 10. Ukipata kati ya 0.15 na 0.20, una mkono mzuri. Ukipata 0.40, usishangilie: ama kuna kiyeyushi kimebaki, ama umebeba uchafu.

Ukitaka fuwele safi za kuonyesha, kuna njia ninayoipenda kuliko zote. Kafeini ikifika karibu nyuzi 178 hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya kimiminika, na ikigusa kitu baridi hurudi kuwa fuwele. Weka ukoko kwenye bika ndogo pana, funika juu kwa chupa ya kioo yenye umbo la duara iliyojaa maji ya barafu, ikauke vizuri kwa nje, kisha pasha moto polepole kwenye jiko la umeme. Baada ya dakika kadhaa tumbo la chupa huanza kufifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Ukisogeza jicho unaona ni sindano, nyembamba kuliko unywele, zimesimama kila upande kama barafu inayoota kwenye kuta za friza. Ukijani wote umebaki chini. Zikwangue kwa wembe. Kama una kifaa cha kupimia nyuzi za kuyeyuka, kafeini safi huyeyuka kati ya 235 na 238. Ikianza kuyeyuka chini ya hapo, bado ina uchafu.

Kazi ya pili: kuipima

Hapa tunaanza upya na majani mengine. Ule ukoko wa mizani ni wa kuonyesha, hii ni ya kuandikwa kwenye ripoti.

Saga majani hadi yawe unga. Gawa sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kupimia unyevu: gramu 5 kwenye oveni ya nyuzi 103 hadi uzito utulie. Usiruke hatua hii, kwa sababu pakiti iliyofunguliwa juzi na iliyofunguliwa mwezi uliopita hazina unyevu sawa, na bila kujua unyevu unalinganisha maji, si chai.

Sehemu ya pili, pima gramu 1 kwa usahihi wa mizani yako, tia kwenye chupa ya koni pamoja na gramu 4.5 za magnesiamu oksidi na mililita 300 za maji yanayochemka. Iweke kwenye sufuria ya maji yanayochemka kwa dakika 20, ukizungusha mara kwa mara. Magnesiamu oksidi hushika sehemu kubwa ya tanini na kuzishusha chini kama tope. Vitabu vya zamani vitakwambia utumie asetati ya risasi kwa kazi hii. Inafanya kazi vizuri, na ni sumu utakayoishi nayo kwenye ndoo ya taka miaka yote. Mimi siigusi. Poza, hamishia kwenye flaski ya ujazo ya mililita 500, jaza hadi alama, tikisa, chuja kwa karatasi, na mwaga mililita 20 za kwanza za mchujo.

Kwa pipeti chukua mililita 25 za mchujo, tia kwenye faneli ndogo ya kutenganishia, ongeza mililita 5 za sodiamu kabonati ya asilimia 10, kisha vuta kwa diklorometani mara tatu, mililita 20 kila mara, kwa upole uleule. Kwa kuwa maji ni kidogo safari hii, hesabu ileile ya juu itakuonyesha kwamba kinachobaki hakifiki asilimia 1. Kausha kwa salfati, fukuza kiyeyushi chote, yeyusha ukoko kwa maji ya uvuguvugu, na uhamishie kwenye flaski ya ujazo ya mililita 100. Suuza bika mara tatu. Jaza hadi alama ikishapoa.

Hatua hii ya faneli ndiyo niliyoiruka siku ya mchaichai. Niliona mchujo uko angavu, nikaupeleka mashineni moja kwa moja.

Sasa myeyusho wa kulinganishia. Pima miligramu 50.0 za kafeini halisi ya maabara, yeyusha kwenye flaski ya mililita 500. Hiyo ni miligramu 100 kwa lita. Chukua mililita 2, 5, 10, 15 na 20 za myeyusho huo, kila moja uizimue hadi mililita 100. Una ngazi ya miligramu 2, 5, 10, 15 na 20 kwa lita.

Washa spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa, nusu saa kabla, taa ya urujuanimno ipate moto. Tumia kyuveti, kile kichupa kidogo cha kuwekea sampuli mashineni, ya kwatzi. Ya kioo cha kawaida au ya plastiki hufyonza yenyewe mwanga huo, na mashine itakusomea namba ambazo hazibadiliki hata ubadilishe sampuli. Shika upande wenye ukungu, futa upande angavu kwa karatasi laini, sifurisha kwa maji safi, kisha soma kwa nanomita 273 ukianza na myeyusho hafifu zaidi. Miligramu 10 kwa lita inapaswa kusomeka karibu 0.5. Ikisoma 0.3 au 0.8, rudi kwenye mizani na pipeti zako kabla hujaendelea.

Kabla ya kuandika usomaji wa chai, iambie mashine ichore kuanzia nanomita 220 hadi 350. Mchoro wa kafeini una kilima kwenye 273, bonde karibu 245, na baada ya 310 hulala sakafuni. Chora wa kafeini halisi na wa chai yako, uviweke kimoja juu ya kingine. Kama wa chai umebaki hewani kwenye 320, huo ni uchafu, na uko pia chini ya kilima chako cha 273 ukikuongezea namba. Rudia usafishaji. Mchaichai wangu haukuwa na kilima chochote, ulikuwa mteremko tu kutoka kushoto kwenda kulia. Ningeuchora kwanza, ningejua.

Hesabu

Tuseme ngazi yako imetoa mstari ulionyooka: usomaji = 0.050 × kiasi + 0.002, kiasi kikiwa ni miligramu kwa lita. Chai imesoma 0.720.

Kiasi = (0.720 − 0.002) ÷ 0.050 = miligramu 14.36 kwa lita.
Katika flaski ya mililita 100: miligramu 1.436.
Hizo zimetoka kwenye mililita 25 kati ya 500, kwa hiyo zidisha kwa 20: miligramu 28.72.
Majani yalikuwa gramu 1.002 yenye unyevu wa asilimia 6.0, yaani miligramu 941.9 za majani makavu.
28.72 ÷ 941.9 × 100 = asilimia 3.05.

Ukisahau unyevu utaandika 2.87. Namba zote mbili ni halali mradi useme ipi ni ipi. Ugomvi mwingi niliousikia kati ya maabara mbili kuhusu chai moja ulikuwa ni huu tu: mmoja alipima kavu, mwenzake alipima kama ilivyotoka kwenye pakiti.

Kujikagua

Kila kundi la sampuli, mimi hupitisha vitu vitatu. Kwanza, sampuli ileile mara mbili au tatu tangu kwenye mizani, si kusoma kyuveti moja mara tatu. Pili, mchaichai, kwa hatua zilezile, dawa zilezile, faneli ileile. Usipokaribia sifuri, hakuna namba inayotoka maabara siku hiyo. Tatu, kipimo cha kilichorudi: gramu moja nyingine ya chai ileile, lakini unaitia miligramu 10.0 za kafeini halisi kabla ya kuchemsha. Kama chai peke yake ilitoa 28.7 na hii imetoa 38.0, basi kati ya 10 ulizotia zimerudi 9.3, asilimia 93. Chini ya 90 tafuta inakovujia, na mara nyingi ni kwenye faneli. Zaidi ya 105, rudi kwenye usafi.

Mwenye kromatografia ya kimiminika ya shinikizo kubwa amepunguziwa safari ndefu. Anachemsha na magnesiamu oksidi vilevile, anachuja kwa kichujio cha mikromita 0.45, anaingiza kwenye safu ya C18 (bomba jembamba lililojazwa chembe za kutenganisha vitu) kwa mchanganyiko wa methanoli na maji, takriban 30 kwa 70, na kusoma kwa 273. Safu inazitenganisha kafeini, ndugu yake theobromini na tanini zilizobaki, kila moja inatoka kwa wakati wake, kwa hiyo diklorometani haihitajiki kabisa. Ndiyo njia ambayo kiwango cha kimataifa cha ISO 10727 kimeichagua. Gharama ya mashine na ya kuihudumia ndiyo inayotufanya wengi wetu tubaki na faneli.

Kuipeleka namba kikombeni ni hesabu fupi. Gramu 2 za majani yenye asilimia 3 zina miligramu 60, na huo ndio ukomo, kikombe hakiwezi kuzidi hapo. Chai ya maziwa iliyochemshwa kwa dakika kumi hukaribia ukomo huo, na kifuko kilichochovywa dakika moja hubaki mbali. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2015 iliweka miligramu 400 kwa siku kuwa kiasi kisicho na wasiwasi kwa mtu mzima mwenye afya, na 200 kwa mama mjamzito.

Taka za diklorometani zote, pamoja na suuza za faneli, ziende kwenye chupa ya kioo yenye lebo, isijazwe hadi shingoni, ikae mahali pa baridi hadi itakapochukuliwa na wenye kibali cha kuteketeza kemikali. Usiimwage kwenye sinki, hutuama kwenye kona ya bomba na kurudisha mvuke chumbani. Sodiamu salfati iliyotumika iache ndani ya kabati hadi ikauke ndipo itupwe. Maji ya chai yenye kabonati yana diklorometani kidogo iliyobaki, nayo yakae kwenye chombo kisichofunikwa ndani ya kabati la kufyonza hewa usiku kucha kabla ya kumwagwa na maji mengi. Makapi, yakishasuuzwa vizuri, tunayamwaga kwenye shimo la takataka nyuma ya maabara, pale pale mchaichai unapoota.